Bad Gastein pamoja na mama mwenye maumivu ya magoti: je, siku nne zinatosha?

Mwanafunzi wa Vienna:

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Ninasoma Vienna, na mwezi Septemba mama yangu atakuja kunitembelea kwa majuma matatu. Ana umri wa miaka 67, magoti yanamsumbua kwa muda mrefu sasa, na anatumia dawa za shinikizo la damu kila siku. Tangu nilipomsimulia kwamba katika milima ya Alpi ya Austria upo mji uitwao Bad Gastein, ambamo maji ya moto hububujika yenyewe kutoka ardhini na ambamo wafalme walikuwa wakienda kujitibu, hatuzungumzi kwa simu pasipo yeye kuniuliza kama nimekwisha kupanga safari ya huko. Nimetenga siku nne.

Nimesoma mengi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kusita. Kwanza, picha zote zinaonyesha majengo marefu yaliyoning'inia kwenye genge, yakiwa na ngazi juu ya ngazi, nami sijui mtu asiyeweza kushuka ngazi ishirini bila kupumzika atautembeleaje mji wa namna hiyo. Pili, inasemekana maji yale yana radoni, ambayo ni gesi yenye mionzi, na kwamba watu hulipa ili waivute wakiwa ndani ya mgodi. Jambo hili limenitia hofu, ingawa mama mwenyewe analiona kama ndiyo dawa anayoifuata. Tatu, mwenzangu wa chuoni aliyepita huko zamani aliniambia kwamba katikati ya mji pana mahame matupu, hoteli zilizofungwa na madirisha yaliyovunjika. Sipendi kumsafirisha mama yangu umbali wote huo kwenda kumwonyesha magofu.

Ninaomba ushauri wa watu waliofika huko kwa miguu yao, hasa wale waliokwenda na wazazi.

---

Kipepeo wa Salzburg:

Karibu sana, ndugu. Nimeishi Salzburg kwa miaka sita na Bad Gastein nimekwenda mara nyingi, kwa hiyo nitaanza na hilo la ngazi, kwa sababu ndilo litakaloamua kama safari yenu itakuwa ya raha au ya mateso.

Mji huu umejengwa pande mbili za korongo, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na katikati yake yanapita maporomoko ya mto Gasteiner Ache ambayo huanguka kwa jumla ya mita 341 kwa hatua tatu. Ardhi tambarare karibu haipo. Utaingia katika jengo kupitia mlango wa barabarani ukidhani uko chini kabisa, kisha ukichungulia dirisha la upande wa pili utajikuta uko ghorofa ya tano au ya sita juu ya barabara nyingine. Stesheni ya treni iko upande wa juu, ilhali mji wa kale, yaani Straubingerplatz na daraja la maporomoko, uko chini. Kushuka ni dakika chache tu. Kupanda kurudi, kwa mtu mwenye magoti mabovu, ndiko kunakoweza kuharibu siku nzima.

Lakini kuna habari njema ambayo watu wengi hawaioni kwenye picha. Bwawa kubwa la umma la maji moto, Felsentherme, liko mkabala na stesheni, na kituo cha vigari vya waya vinavyopanda mlima Stubnerkogel kiko papo hapo jirani. Ukichukua malazi upande huo wa juu, mama ataoga na atapanda mlimani bila kushughulika na ngazi za mji, na siku mtakayotaka kuona maporomoko mtashuka taratibu kisha mtarudi kwa teksi au kwa basi. Njia ya matembezi iitwayo Kaiser-Wilhelm-Promenade nayo imechongwa ubavuni mwa mlima kwa usawa mzuri, ina viti vya kupumzikia, na kutoka hapo bonde zima la Gastein hulala mbele yako kama mkeka uliotandikwa.

Kama nafasi ingekuwa yangu, hata hivyo, ningelala Bad Hofgastein, mji ulio kilomita chache kaskazini katika bonde hilohilo. Kule ardhi ni tambarare, maduka na migahawa iko pamoja, na maji ya moto yanaletwa kwa bomba kutoka Bad Gastein tangu karne ya 19, kwa hiyo Alpentherme ya Hofgastein inatumia maji yaleyale. Angalia tu kwamba stesheni ya Hofgastein iko mbali na mji wenyewe, hivyo mtahitaji basi mkishashuka kwenye treni.

Kuhusu treni: kutoka Vienna safari inachukua zaidi ya saa nne, na mara nyingi mtabadilisha Salzburg, kutoka Salzburg ni kama saa moja na nusu. Mkae upande wenye dirisha baada ya stesheni ya Schwarzach-St. Veit, kwa kuwa ndipo reli inapoanza kupanda kuingia bondeni.

---

Muuguzi Mstaafu:

Mwanangu, hongera kwa kumfikiria mama yako. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu yake katika wodi za watu wenye magonjwa ya viungo, na Bad Gastein nilikwenda mwenyewe kama mgonjwa baada ya kustaafu. Hilo la radoni ulilouliza linastahili jibu refu, kwa sababu wanaoyatangaza maji hayo husema nusu ya habari, na wanaoyaogopa nao husema nusu nyingine.

Radoni ni gesi isiyo na rangi wala harufu inayozaliwa ndani ya miamba yenye madini ya urani na radiamu. Maji yanayopita katika miamba ya Gastein huibeba yakipanda juu. Nguvu yake ya mionzi hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, na mwilini haikai sana: inayoingia kwa ngozi na kwa pumzi hutoka kwa pumzi katika muda wa saa chache. Mwanafizikia wa Vienna Heinrich Mache ndiye aliyeipima katika maji ya Gastein mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa muda mrefu wataalamu wa chemchemi walitumia kipimo kilichopewa jina lake. Kabla ya hapo watu walijua tu kwamba maji yale yanasaidia. Hata Paracelsus, tabibu maarufu wa zamani, aliandika juu yake katika karne ya 16.

Sasa, je, ni hatari? Shirika la Afya Duniani linaitaja radoni kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, ya pili baada ya sigara, na linazungumzia hasa watu wanaoivuta nyumbani mwao kwa miaka mingi bila kujua. Dozi inayopatikana katika matibabu ya majuma machache ni kitu kingine, lakini si sifuri, na ndiyo maana madaktari wa huko huipanga kama wanavyopanga dawa. Zimefanyika tafiti kwa wagonjwa wa baridi yabisi na wa ule ugonjwa unaokakamaza uti wa mgongo, na zimeonyesha kwamba waliooga maji yenye radoni walikaa miezi kadhaa na maumivu machache kuliko waliooga maji ya kawaida ya moto. Tafiti zenyewe ni za watu wachache. Mimi huzipa uzito, ila sizifanyi ahadi.

Mgodi uliousikia unaitwa Gasteiner Heilstollen, uko Böckstein, kijiji kilicho juu kidogo ya Bad Gastein. Katika miaka ya 1940 wachimbaji walitoboa mlima Radhausberg wakitafuta dhahabu, wakakuta joto badala ya dhahabu, na wale waliokuwa na maumivu ya viungo wakaona yanapungua. Leo wagonjwa huingizwa kwa treni ndogo zaidi ya kilomita mbili ndani ya mlima, hulala vitandani katika joto la nyuzi 37 hadi 41.5 na unyevu mwingi sana, kisha hutolewa. Hakuna anayeingia humo kwa matibabu bila kupimwa kwanza na daktari wa pale, na jambo hilo nalisifu.

Kwa mama yako ningesema hivi waziwazi: usimwingize katika mgodi. Ana shinikizo la damu, na joto la namna ile lenye unyevu huulazimisha moyo kufanya kazi nyingi. Halafu, tiba ya radoni huwa ni mfululizo wa majuma mawili au matatu. Siku nne si tiba. Ukimwambia anakwenda kuponywa magoti, atarudi amevunjika moyo hata kama safari ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kusafiri. Ukimwambia anakwenda kupumzika katika maji ya moto na kuona mahali pa ajabu, atapata alichoambiwa na zaidi.

Maji ya kawaida ya bwawani yatamfaa. Mtu akiwa ndani ya maji, uzito unaoelemea magoti hupungua sana, misuli hulegea kwa joto, na ataweza kukunja na kunyoosha miguu kwa namna ambayo nchi kavu haiwezi. Lakini anayetumia dawa za shinikizo ajihadhari na kitu kimoja: maji ya moto hutanua mishipa ya damu, dawa nayo inashusha shinikizo, na mtu akitoka ghafla hupata kizunguzungu akaanguka palepale kwenye vigae. Akae dakika kumi na tano, isizidi ishirini, atoke polepole akiwa ameshika chuma cha ngazi, akae chini, anywe maji, apumzike nusu saa kabla ya kurudi. Amwone daktari wake kabla ya kusafiri na amweleze hayo yote. Na ukumbuke kwamba bima ya safari anayoitoa mtu anapoomba viza ya Schengen ni kwa ajili ya dharura. Usitarajie igharimie bafu za matibabu.

---

Mpenda Majengo:

Ninaheshimu ushauri uliotolewa, na wa Muuguzi sina la kuongeza. Ila hilo la kulala Bad Hofgastein sikubaliani nalo, na nitaeleza kwa nini, pamoja na kulijibu swali la mahame.

Mwenzako wa chuoni hakusema uongo. Kwa muda wa miaka karibu ishirini moyo wa mji huu ulikuwa umesimama. Katika Straubingerplatz palikuwa na majengo matatu yaliyopangana kando ya maporomoko: Hotel Straubinger, jengo la posta ya zamani, na Badeschloss, ambalo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa amri ya Askofu Mkuu Colloredo wa Salzburg. Yalinunuliwa, yakafungwa, yakaachwa yaoze mbele ya macho ya wenyeji. Nilipofika mara ya kwanza niliona mti umeota juu ya paa, na nakiri kwamba niliondoka na uchungu, kwa sababu si majengo ya kawaida. Ndani ya Straubinger ndimo Prussia na Austria zilipotia saini Mkataba wa Gastein tarehe 14 Agosti 1865, Bismarck akiwakilisha Prussia, wakigawana utawala wa majimbo ya Schleswig na Holstein. Mkataba huo haukudumu hata mwaka. Mwaka 1866 nchi hizo mbili zilikuwa vitani.

Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Salzburg iliyanunua majengo hayo ili kuyaokoa, kisha ikayauza kwa kampuni iliyokuwa tayari kuyakarabati, na mwaka 2023 hoteli zikafunguliwa tena mahali pale pale. Kwa hiyo mama yako atakuta taa zinawaka. Bado yapo majengo yaliyofungwa, na kubwa kuliko yote ni jumba la mikutano la saruji lililobuniwa na msanifu Gerhard Garstenauer na kukamilika katika miaka ya 1970. Watu wengi huliona baya. Mimi naliona kuwa jaribio la kijasiri la mtu aliyekataa kujenga nyumba ya mbao ya kudanganyia watalii, na ningependa lipate bahati iliyoipata Straubinger. Felsentherme iliyotajwa hapo juu nayo ni kazi yake, na ukiingia utaona alivyouacha mwamba wa mlima uwe ukuta wa bwawa.

Utajiuliza kwa nini hoteli za mji mdogo milimani ziwe na ghorofa nyingi hivyo. Sababu ni reli na ufinyu wa ardhi. Kabla ya reli, wageni walikuja kwa magari ya farasi na walikuwa wachache: mtunzi wa muziki Schubert alikaa huko mwaka 1825 na humo akatunga sonata ya piano ambayo hadi leo huitwa ya Gastein, na baadaye Kaisari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani akawa mgeni wa mara kwa mara. Treni ilipofika mwaka 1905, na tunneli ya Tauern ilipokamilika mwaka 1909 ikaunganisha bonde hili na upande wa kusini, wageni walianza kumiminika. Pa kuwaweka hapakuwepo ila juu. Grand Hotel de l'Europe, ambayo utaiona kutoka kila pembe ya mji, ni ya miaka hiyo.

Na sasa kuhusu malazi. Mama anasafiri kutoka mbali, pengine hatarudi tena katika bonde lile. Maporomoko ya Gastein huwezi kuyajua kwa kuyatembelea saa moja mchana na kuyapiga picha. Unayajua usiku, ukiwa umelala na dirisha limefunguliwa kidogo, na ule mngurumo unakuingia mpaka kifuani; asubuhi unayaona mawingu madogo ya manyunyu yakipanda kwenye kuta za nyumba. Hofgastein ni mji mzuri na starehe, lakini haukai rohoni namna hiyo. Tafuteni chumba Bad Gastein, katika hoteli yenye lifti na yenye bafu lake la maji moto ndani, kwa maana hoteli kadhaa huko huvutiwa maji ya chemchemi moja kwa moja, na mama hatahitaji hata kuvaa viatu kwenda kuoga.

---

Mwanafunzi wa Vienna:

Nawashukuru kwa dhati. Muuguzi Mstaafu, nimemsomea mama maneno yako yote kwa simu, na sentensi ya "siku nne si tiba" aliomba niirudie. Alinyamaza kidogo, kisha akasema basi tutakwenda kutazama na kuoga, na magoti yatajijua yenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo naona haya kidogo kuliuliza, lakini bora niulize hapa kuliko kufedheheka kule. Mama yangu ni mwanamke wa stara. Nimesikia kwamba katika mabafu ya Austria watu huvua nguo zote, wanaume na wanawake pamoja. Je, ni katika bwawa lenyewe au ni mahali fulani tu? Na vazi la kuogelea linalofunika mikono na miguu linakubalika?

---

Bi Zuhura wa Mwambao:

Mdogo wangu, hakuna la kuonea haya hapo. Ni swali ambalo mimi nilitamani mtu anijibu kabla sijaenda, na hakutokea wa kunijibu.

Katika mabwawa watu wote huvaa nguo za kuogelea, hilo ondoa shaka. Uvuaji wa nguo ni katika eneo la sauna peke yake. Huko ni desturi ya Austria na Ujerumani kwamba mtu aingie bila vazi lolote, akalie taulo lake ili jasho lisiguse mbao, na wanaume na wanawake hukaa pamoja pasipo mtu kumkodolea macho mwenzake. Kwao ni suala la usafi wala si uasherati, na aliyevaa vazi la kuogelea ndani ya sauna huenda akaombwa alivue au atoke. Eneo hilo lina mlango wake na kibao chake, na tiketi zake mara nyingi huuzwa peke yake, si pamoja na za bwawa. Nunueni tiketi ya bwawa tu, na mama hatakutana na kitu cha kumshtua. Baadhi ya mahali huwa na siku au sehemu za wanawake pekee, jambo linalofaa kuulizwa kabla ya kwenda.

Vyumba vya kubadilishia nguo viangalie vizuri. Kuna vibanda vidogo vyenye milango, na kuna ukumbi wa wazi. Mwelekeze kwenye vibanda. Mabafu ya kujisugulia kabla ya kuingia majini huenda yakawa ya pamoja kwa wanawake, na baadhi yao watavua kila kitu mbele yake. Mwambie mapema ili asishtuke.

Kuhusu vazi la kufunika mwili, mimi nilivaa la mikono mirefu na suruali, la kitambaa cha kuogelea hasa, na niliruhusiwa bila maneno. Sheria hutofautiana baina ya bwawa na bwawa, na wanachokikataa zaidi ni nguo za kawaida za pamba, kwa sababu ya usafi wa maji. Andikia bwawa husika barua pepe ukiambatanisha picha ya vazi, wakujibu kwa maandishi, uiweke kwenye simu. Mimi nilifanya hivyo na nikaingia nimetulia.

Njia ya stara kuliko zote, hata hivyo, ni beseni la faragha. Katika hoteli nyingi na vituo vya tiba vya Gastein unaweza kuagiza bafu la mtu mmoja katika chumba chake, mlango ukafungwa, na beseni likajazwa maji ya chemchemi. Kwa kuwa hilo ni bafu la matibabu lenye radoni, sikieni kwanza anasemaje daktari.

---

Kipepeo wa Salzburg:

Mpenda Majengo amenishinda kwa hoja ya mngurumo wa maji, nami naondoa pendekezo langu la Hofgastein, mradi mpate hoteli yenye lifti na inayotuma gari stesheni. Ulizeni mambo hayo mawili kwa maandishi kabla ya kulipa. Ulizeni pia chumba kiko umbali gani na maporomoko, maana wapo watu ambao mngurumo huo huwabembeleza na wapo ambao huwakosesha usingizi kabisa, na wewe unamjua mama yako.

Septemba mmechagua vizuri. Mimi nilikwenda mara moja mwezi Novemba bila kuuliza, kwa kudhani mji wa maji moto hauna msimu, nikakuta vigari vya waya vimesimama, migahawa mingi imefungwa, na hoteli niliyolala ina wageni watatu. Bonde hili lina misimu miwili, ya kiangazi na ya kuteleza kwenye theluji, na katikati yake, hasa Aprili hadi Mei na tena Novemba, wenyeji nao hupumzika. Septemba mabwawa na vigari kwa kawaida vinafanya kazi, watoto wamerudi shule, na mchana huwa na jua la upole. Usiku utakuwa wa baridi, kwa hiyo mama abebe koti zito na soksi za sufu.

Stubnerkogel ina urefu wa mita 2,246, na kule juu kuna daraja la kamba za chuma lenye urefu wa mita 140 lililofunguliwa mwaka 2009. Mama hana haja ya kulivuka. Karibu na kituo cha juu kuna mahali pa kukaa, na siku isiyo na mawingu mtaiona Grossglockner, mlima mrefu kuliko yote Austria. Mpande asubuhi, kwa kuwa mawingu hupenda kujikusanya baada ya adhuhuri, na ikiwa kilele kimefunikwa msiende siku hiyo. Mna siku nne, subirini. Ndiyo faida ya kutofanya haraka.

Jambo la fedha, kwa kifupi. Kila mgeni hutozwa kodi ya wageni kwa kila usiku juu ya bei ya chumba, nayo hulipwa hotelini kwa yuro. Mkifika mtapewa Gastein Card, yenye punguzo na huduma mbalimbali. Tangu Mei 2025 wageni wanaolala katika jimbo la Salzburg hupata pia tiketi ya usafiri wa umma ndani ya jimbo kwa siku za kukaa kwao. Hoteli ndiyo inayoituma, basi waombeni waitume kabla hamjaondoka Vienna, ili iwafae tangu siku mnayoingia.

---

Muuguzi Mstaafu:

Nimerudi kwa neno moja tu. Siku ya kwanza asioge. Atakuwa amekaa kwenye treni zaidi ya saa nne na miguu itakuwa imevimba. Ale chakula chepesi, atembee kidogo kwenye ile njia tambarare ya Kaisari, alale. Maji aanze siku ya pili asubuhi, baada ya kifungua kinywa na baada ya kumeza dawa zake, na wewe uwe naye ndani ya maji.

---

Mwanafunzi wa Vienna:

Nimepata chumba Bad Gastein upande wa juu, katika hoteli yenye lifti na bafu la chemchemi ndani, na wamenijibu kwamba gari litatusubiri stesheni. Chumba kinatazama korongo. Niliuliza kama mngurumo unasikika, wakasema unasikika, ila madirisha ni ya vioo viwili na yakifungwa huwa kimya. Nilimwuliza mama anataka yafungwe au yaachwe wazi. Amesema yaachwe wazi, atajifunika blanketi mbili.

Bwawa la umma nimeliandikia kuhusu vazi na nasubiri jibu. Daktari wake atamwona juma lijalo, na nimempa mama orodha ya maswali yaliyotokana na maelezo ya Muuguzi. Tutaondoka Vienna Jumatatu asubuhi, na nitahakikisha amekaa dirishani kabla ya Schwarzach.